Kukosekana Si Kuharibika

Ndugu msomaji, je, umepata kumwadhibu mtoto wako kwa kosa ambalo baadaye ulitambua kwamba hakulitenda? Mimi nimepata, na kisa chenyewe kilitokea nyumbani kwangu, hapa Mbeya, kwa sababu ya mchezo wa kompyuta uliokataa kufunguka. Nimeona nikusimulie kwa mambo mawili. Kwanza, huenda nawe una kijana nyumbani na kompyuta ya mtumba mezani, na yaliyonipata mimi yakakupata wewe. Pili, dawa ya ugonjwa ule ni rahisi na haina bei, ila wengi wetu hutozwa fedha, na wengine hupoteza kumbukumbu zao zote, kwa kutoijua tu.

Hapana budi nikiri mapema kwamba mimi si mtaalamu. Nilizaliwa mwaka 1974, mwaka uleule ambao serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na nilikuwa mtu mzima nilipoigusa ya kwanza. Kazi yangu ni ukarani wa ghala huko Iyunga. Kompyuta ya kazini naijua kama abiria anavyolijua basi: napanda, nafika, nashuka. Yaliyomo chini ya boneti nawaachia wenyewe.

Kompyuta ya nyumbani tuliinunua kwa ajili ya mama watoto. Yeye ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, hapa mtaani kwetu Soweto, chenye wanachama 28. Hisa za kila juma, mikopo, marejesho na faini za wachelewaji, vyote ameviandika humo kwa muda wa miaka 3. Kijana wetu wa kwanza, ambaye yuko kidato cha tatu, aliruhusiwa kuitumia jioni baada ya kumaliza masomo, kwa sharti moja tu: asiguse folda ya mama yake.

MCHEZO KUTOKA IRINGA

Likizo ya mwezi wa Juni kijana alikwenda Iringa kwa shangazi yake, dada yangu, anayeishi Kihesa. Huko yuko mpwa wangu ambaye anasoma chuo. Kijana wangu humwita kaka na humheshimu kuliko anavyoniheshimu mimi, jambo ambalo sikuwa nimelikubali hata siku za kisa hiki. Huyo kaka alikuwa na mchezo wa mashindano ya magari, mmojawapo wa ile ambayo watengenezaji wenyewe huitoa bure kwa mtu yeyote. Wakaucheza likizo nzima. Siku ya kuondoka, kijana akanakili folda yote ya mchezo kwenye flashi, akaitia mfukoni na kurudi nayo Mbeya. Hakutaka kunimalizia bando kwa kuupakua upya, na kwa hilo namshukuru.

Jioni ile aliyofika akaichomeka flashi, akaihamishia folda kwenye kompyuta, akaubonyeza mchezo. Badala ya magari, kikatokea kisanduku kidogo chenye maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni hii: programu haiwezi kuendelea kwa sababu faili la MSVCP140.dll halikuonekana, huenda kuiingiza programu upya kutaondoa tatizo. Akakifunga, akajaribu tena. Kikarudi kilekile.

Akanijia sebuleni. "Baba," aliniambia, "mchezo wa kaka haufunguki. Lakini kompyuta ni nzima. Kuna faili linakosekana."

Mimi nilikuwa nimetoka kazini, nimechoka, nasikiliza taarifa ya habari. Nikamjibu bila kumtazama: "Acha kuichezea mashine ya mama yako."

Laiti ningeinuka nikaenda kukisoma kile kisanduku! Maana ndani yake mlikuwa na ukweli wote, pamoja na jina la kitu kilichotakiwa. Lakini sisi wengi tuna desturi ya kuyaogopa maandishi ya Kiingereza yanapotokea ghafla kwenye kioo cha kompyuta. Hatuyasomi, tunatafuta mahali pa kubonyeza ili yaondoke. Waliojaribu kutupunguzia woga huo wapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Hata hivyo kompyuta nyingi tunazouziwa bado husema Kiingereza, na hasa zinaposhikwa na shida.

KOSA JUU YA KOSA

Kijana hakukata tamaa. Kwa kuwa baba yake alikataa kumsikiliza, alichukua simu, akaliandika lile jina kwenye intaneti, akaangukia tovuti mojawapo ya zile zinazogawa mafaili ya namna hiyo mojamoja. Akalipakua faili lenye jina lilelile, akalitia ndani ya folda ya mchezo. Alipoubonyeza tena, kile kisanduku cha kwanza hakikutokea. Kikatokea kingine: programu imeshindwa kuanza ipasavyo, na mbele yake nambari isiyosomeka, 0xc000007b.

Hapo ndipo nilipomwita fundi wa mtaani. Sitamtaja jina, wala sisemi kwamba mafundi wote wako hivyo. Alikaa, akaubonyeza mchezo, akaiona ile nambari, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa wa mahututi. Akasema Windows imekufa. Dawa ni kufuta kila kitu kilichomo na kuingiza Windows nyingine, kwa shilingi 30,000. Nikamwuliza kuhusu hesabu za kikundi. Akasema hizo zitaondoka pamoja na vingine, isipokuwa kama nitaongeza fedha ya kujaribu kuziokoa.

Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akauliza swali moja: "Kama Windows imekufa, mbona daftari langu la kikundi nimelifungua leo asubuhi, na likafunguka?" Fundi hakuwa na jibu. Mama watoto akasema kompyuta hiyo haitafutwa na mtu. Fundi akaondoka na nauli yake.

Nami nikafanya jambo ambalo kila nikilikumbuka huniumiza. Nilimwita kijana mbele ya wadogo zake wawili, nikamwambia kwamba kwa ajili ya upuuzi wa michezo ameziweka hatarini fedha za akina mama 28, na kwamba hataigusa kompyuta ile mpaka amalize kidato cha nne. Alitaka kusema neno. Nikamkatiza. Tangu siku ile akawa mtu wa kuitikia "ndiyo, baba" na "hapana, baba", basi. Mdogo wake wa kike akaanza kumtania kwa jina la mvunja benki, nami sikumkanya.

SAFARI YA KIHESA

Ikafika sikukuu ya Nane Nane. Wakati wageni walipokuwa wanamiminika Mbeya kwenye maonyesho ya wakulima katika viwanja vya John Mwakangale, sisi tulishika njia ya kutoka, kwani dada alikuwa ameniita kwenye kikao cha posa ya binti yake. Mama watoto akaniambia nisiende mikono mitupu. Nilichukue kasha la kompyuta, mpwa wangu alitazame. Akalifunga kwa khanga mbili. Kijana nikamchukua pia, maana mzigo ulihitaji mtu wa kuupakata.

Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Tulipita Uyole, Igurusi, Chimala na Igawa. Makambako tukanunua mahindi ya kuchoma. Mafinga tukapigwa na baridi mpaka madirisha yote yakafungwa. Njia nzima kijana alilikumbatia lile kasha magotini kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mara mbili nilitaka kumwambia neno la upole, na mara mbili nikajiambia kwamba baba hajishushi. Tukateremka Ipogoro, tukachukua bajaji kupandisha mlima kwenda mjini, hadi Kihesa.

Mpwa wangu alitupokea mzigo. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu. Nimekuletea maiti, uichunguze." Akacheka, akaliunganisha kasha na kioo chake, akaliwasha. Nikaanza kumweleza maneno ya fundi. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamgeukia kijana, akamwuliza swali ambalo mimi sikuwa nimemwuliza: "Ujumbe wa kwanza kabisa ulisemaje?"

Kijana akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameuandika wote, neno kwa neno, na jina la faili kwa herufi zake.

KINU KILICHOBAKI NYUMA

Ndugu msomaji, maelezo aliyonipa mpwa wangu jioni ile nayarudia hapa kama nilivyoyaelewa, kwa kuwa ndiyo kiini cha makala haya.

Aliniambia hivi. "Mjomba, kule kijijini kwa bibi, si kila nyumba ina kinu. Kinu kimoja hutumiwa na nyumba tatu au nne. Mwanamke akitaka kutwanga huenda na mahindi yake na mchi wake, akijua kinu kipo. Na programu za kompyuta ziko vivyo hivyo. Anayetengeneza mchezo haandiki upya kila kazi ndogo, kama kupanga maneno, kupiga hesabu au kuchora umbo kwenye kioo. Kazi za namna hiyo zimekwisha kuandikwa na wengine na kuwekwa katika mafaili ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja. Mafaili hayo huitwa maktaba, na kwenye Windows majina yake huishia na herufi DLL."

Akaendelea kueleza kwamba mchezo unapobonyezwa, jambo la kwanza ambalo Windows hufanya ni kuzikusanya maktaba zote ambazo mchezo huo umesema unazihitaji. Huzitafuta ndani ya folda ya mchezo wenyewe, kisha katika folda za mfumo. Ikikosekana moja tu, mchezo husimamishwa hapohapo kabla haujachora hata mstari mmoja. Ndiyo sababu ugonjwa huu hujitokeza mwanzoni kabisa, wala si katikati ya mchezo.

"Sasa mbona kwako ulifunguka?" nikamwuliza.

"Kwa sababu mimi niliuingiza kwa programu yake ya kusimikia, mjomba. Programu hiyo huja na mchezo pamoja na maktaba zake, na maktaba huziweka upande wa Windows, si ndani ya folda ya mchezo. Mdogo wangu alipoinakili folda, alimchukua mtwangaji na mahindi yake. Kinu kilibaki hapa Kihesa."

Nilimtazama kijana wangu. Alikuwa ameniambia neno hilohilo sebuleni kwangu tangu mwezi wa Juni: kompyuta ni nzima, kuna faili linakosekana.

"Na ile nambari iliyomtisha fundi?" nikauliza tena.

Hapo mpwa wangu akatumia mfano wa reli, akijua kwamba babu yake, yaani marehemu baba yangu, alifanya kibarua katika ujenzi wa TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975. TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti ni ndogo, huwezi kuiona ukiwa mbali, lakini behewa la huku halikanyagi kule, na ndiyo maana pakawekwa mahali pa kuhamishia mizigo pale Kidatu. Programu za Windows nazo ni za namna mbili, za biti 32 na za biti 64. Mchezo ule ulikuwa wa biti 64. Faili alilolipakua kijana lilikuwa na jina sahihi, lakini lilikuwa la biti 32. Windows ikajaribu kuliweka behewa kwenye reli isiyo yake, ikashindwa, ikatoa nambari 0xc000007b. Hakuna kilichokuwa kimekufa.

DAWA YENYEWE

Mpwa wangu hakuifanya kazi ile mwenyewe. Alimkalisha kijana kwenye kiti, yeye akasimama nyuma yake. Nami nikasimama nyuma ya wote wawili na kalamu yangu ya ukarani, nikaandika kila hatua.

Kwanza, walilifuta lile faili la intaneti kutoka kwenye folda ya mchezo. Mpwa wangu alisema tovuti zile za kugawa mafaili mojamoja si za kuaminiwa: faili linaweza kuwa la kale, la aina nyingine, au limetiwa virusi na mtu asiyejulikana. Wakaipima kompyuta yote kwa kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows. Kwa bahati njema haikukuta kitu.

Pili, walitazama aina ya Windows iliyomo. Jambo hili huonekana kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, mahali penye maelezo ya kompyuta. Yetu ilikuwa ya biti 64. Kompyuta ya namna hiyo huendesha michezo ya aina zote mbili, kwa hiyo huhitaji maktaba za aina zote mbili.

Tatu, waliingiza maktaba kutoka kwa mwenyewe. Faili la MSVCP140.dll, pamoja na ndugu yake VCRUNTIME140.dll, ni mali ya Microsoft, nayo huyatoa bure kwenye tovuti yake katika kifurushi cha Visual C++. Viko vifurushi viwili: vc_redist.x86.exe kwa programu za biti 32 na vc_redist.x64.exe kwa za biti 64. Vyote viwili pamoja havifiki MB 50. Mpwa wangu alikuwa navyo kwenye flashi, kwa hiyo hatukutumia bando hata kidogo. Kijana alivibonyeza kimoja baada ya kingine, akakubali masharti, akaizima kompyuta na kuiwasha upya.

Akaubonyeza mchezo. Kikatokea kisanduku kingine! Moyo wangu ukaanguka, lakini wale vijana wawili walitazamana wakatabasamu. Safari hii jina lilikuwa XINPUT1_3.dll. "Mjomba, hii ni hatua mbele," akasema mpwa wangu. "Kinu kimepatikana, sasa anaulizia ungo."

Maktaba hiyo hushughulikia vishikio vya kuchezea, nayo ni ya kundi la DirectX. Windows 10 na Windows 11 huja na DirectX mpya ndani yake, lakini hazina baadhi ya maktaba za zamani ambazo michezo mingi bado huziulizia, kama hiyo na ile iitwayo d3dx9_43.dll. Hizo nazo Microsoft huzitoa bure katika kifurushi cha mwezi Juni 2010, ambacho ni karibu MB 100. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: ukikibonyeza kifurushi hicho, hukuuliza tu mahali pa kuyamwaga mafaili yake, kisha hukaa kimya. Mtu hudhani kazi imekwisha, kumbe haijaanza. Sharti uifungue folda uliyoichagua, uitafute programu iitwayo DXSETUP.exe, uibonyeze hiyo. Kijana alifanya hivyo.

Akaubonyeza mchezo kwa mara ya mwisho. Muziki ukalia, magari yakatokea. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha maharage. Mpwa wangu akanifungulia folda ya mama watoto bila kuambiwa. Hesabu zote za miaka 3 zilikuwamo, hadi faini ya shilingi 500 ya juma lililopita.

NENO LILILOBAKI

Magari yalikuwa yanazunguka kwenye kioo, lakini kijana hakuyashangilia. Alinitazama, akataka kuinuka kwenye kiti. Alikuwa anakumbuka marufuku yangu.

Ndugu msomaji, sisi tuliolelewa zamani hatukuzoea kumwona baba akimwomba mtoto radhi. Mimi binafsi sikupata kumsikia marehemu baba akifanya hivyo. Lakini nilikumbuka ile karatasi mfukoni mwake. Mtoto aliyeharibu kitu kwa upuuzi hawezi kuandika neno kwa neno ujumbe wa kosa na kuutunza miezi 2, akingoja mtu wa kumwuliza.

Nikamwambia: "Kaa. Siku ile uliniambia ukweli, nami sikukusikiliza. Nimekukosea, mwanangu. Unisamehe."

Akainamisha kichwa, akakaa kimya kidogo. "Yamekwisha, baba," akasema. Kisha akaongeza: "Lakini lile faili la kwenye simu lilikuwa kosa langu. Sikujua limetoka kwa nani."

Tuliporudi Mbeya nililirudia neno lile sebuleni, mbele ya wadogo zake wote wawili. Kwa kuwa nilimshutumu mbele yao, haikuwa haki nimsafishe faraghani. Jina la mvunja benki nikalipiga marufuku. Na mama watoto alinitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu, akaenda kuleta chai.

USHAURI WANGU KWAKO

Ikiwa mchezo, au programu nyingine yoyote, itakataa kufunguka nyumbani kwako, fanya haya kabla ya kumgombeza mtu.

Soma ujumbe wote, au umpe kijana akusomee, na uandike jina la faili bila kuacha herufi wala tarakimu. Tarakimu hizo ndizo zinazokuambia kifurushi kipi kinahitajika. Ikiwa ni 140, kifurushi kimoja cha Visual C++ huwatumikia waliotumia matoleo ya 2015, 2017, 2019 na 2022. Ikiwa ni 120, tafuta kile cha 2013. Ikiwa ni 110, cha 2012. Na ikiwa ni 100, cha 2010. Vyote hukaa pamoja bila kugombana, kwa hiyo usikifute cha zamani kwa kuwa umepata kipya.

Chukua kitu kwa mwenye nacho. Usiokote faili njiani, wala usilitie kwa mkono katika folda za Windows. Folda hizo zenyewe huchanganya: kwenye Windows ya biti 64, folda iitwayo System32 ndiyo yenye maktaba za biti 64, na ile iitwayo SysWOW64 ndiyo yenye za biti 32. Hata mwenye macho hupotea humo.

Kama kifurushi kilikuwamo lakini mafaili yake yameharibika, kitafute katika orodha ya programu za kompyuta, uchague kukirekebisha. Na kama jina la faili linalokosekana si la Microsoft bali ni la mchezo wenyewe, vifurushi hivi havitakusaidia. Hapo mchezo ndio wa kuingizwa upya. Yawezekana kinga ya virusi imelitenga faili hilo, basi usiizime kinga yako kwa pupa ili mtoto acheze. Tena elewa kwamba si kila mchezo unaoanguka umekosa maktaba. Mwingine umezidi uwezo wa kompyuta, nao huo hauna dawa ya bure.

Ukiletewa mchezo kwa flashi, omba uletewe programu yake ya kusimikia, si folda tupu. Na kabla hujamruhusu fundi yeyote kufuta kitu, nakili kwanza kumbukumbu za familia mahali pengine. Daftari la kikundi cha mama watoto sasa lina nakala 2, moja kabatini kwetu na nyingine kwa mweka hazina.

La mwisho ni la sisi wazazi. Mashine ilipokosa kitu, ilisema wazi ni kitu gani, nami sikusoma. Mtoto naye alinieleza kwa Kiswahili safi, nami sikusikiliza. Nilikimbilia kusema kimeharibika, na nikakaribia kufuta hesabu za miaka 3 za akina mama 28 kwa ajili ya faili dogo linalotolewa bure. Siku hizi kijana akinijia sebuleni na neno, naizima redio kwanza.

Nakutakia Jumapili njema, wewe na jamaa yako.